Rolakosta ndani ya pori ambalo halijaguswa: inakaa au haikai?

Mdau_wa_Mandhari

Wakuu, habari za muda huu. Naleta swali ambalo kila likiguswa watu hugawanyika kambi mbili: rolakosta, ile reli ya burudani ya kupanda na kuteremka kwa kasi, ina nafasi katika mandhari ya asili ambayo bado haijaguswa? Nazungumzia bonde lenye msitu mzima, mto usio na daraja, hakuna barabara, hakuna nguzo za umeme.

Wanaotaka husema rolakosta za mlimani, zile za vigari vya watu wawili vinavyoteleza juu ya mabomba mawili, zinapita katikati ya miti bila kufyeka, na nguzo zake hazidai zege. Wasiotaka husema kelele, husema sura ya mahali inaharibika. Pande zote mbili zinaongea kijumlajumla.

Naomba wanaojua ujenzi na wanaojua misitu watupe vipimo. Siku reli inapoingia porini, ni nini hasa kinachoingia nayo? Eneo kiasi gani, kelele inafika wapi, kinachoumia kwanza ni nini? Na hizo za mlimani zina unafuu wa kweli au ni lugha ya muuzaji?

---

FundiReli

Mkuu, tuanze kwa kutenganisha, maana jina moja linabeba mashine mbili zisizofanana.

Rolakosta ya kawaida ni treni ya mabehewa. Inavutwa hadi juu kwa mnyororo, ikiachiwa haina breki yoyote ndani yake. Breki zote ziko kwenye reli. Mafuta yake ni ule urefu iliopandishwa, basi. Sasa chukua asubuhi ya baridi: grisi kwenye beringi imekuwa nzito, magurudumu hayajapata joto, upepo unapiga kwa mbele. Treni inafika kilima cha nne ikiwa imepungukiwa kidogo tu, inashindwa kukivuka, inarudi nyuma, inayumba mara mbili tatu, inatulia bondeni. Haitoki pale yenyewe. Itavutwa kwa winchi au mabehewa yatanyanyuliwa kwa kreni, na abiria watashushwa kwa ngazi au jukwaa la kuinua.

Kwa hiyo kila bonde la reli lazima lifikike kwa gari zito. Ukichora reli ya kilomita moja yenye mabonde sita, umechora pia njia ya kreni ya karibu kilomita moja pembeni yake, yenye kokoto na mifereji. Kwenye picha za matangazo njia hiyo huwa haipo, ila kwenye michoro ya ujenzi ipo.

Ya mlimani ni kitu kingine. Kigari kimoja, watu wawili, abiria anashika mkono wa breki mwenyewe, na kuna breki zinazojikaza zenyewe kigari kikitaka kuzidi kasi iliyowekwa, ambayo kwa kawaida ni takribani kilomita 40 kwa saa. Piga hesabu: hiyo ni mita 11 kwa sekunde, kasi ambayo kitu kinachoanguka huru huifikia baada ya mita 6 na kidogo. Kama mteremko wako una mita 100 kutoka juu hadi chini, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za nishati yote zinaishia kwenye breki na msuguano. Breki ndiyo mashine yenyewe, kigari ni kiti tu. Ndiyo sababu mvua ikikolea breki za msuguano hupoteza mshiko, vigari vinakaribiana, na mtu makini hufunga. Breki za sumaku hazijali maji kwa kiasi kile, lakini kugongana kwa nyuma bado kunategemea abiria anayepiga picha badala ya kutazama mbele.

Kuhusu zege, hapo wanaotaka wana haki nusu. Reli hukaa kama mita moja juu ya ardhi, nguzo zake ni nyepesi na hushikwa na vigingi virefu vya chuma vinavyopigwa ardhini kwa pembe. Kwenye udongo mgumu inafanya kazi vizuri na siku ya kubomoa vigingi hung'olewa. Kwenye udongo wa majimaji, au mteremko wa mawe yanayoporomoka, vigingi havishiki, na hapo zege linarudi kimyakimya kwenye bajeti. Pia mahali pa kuvuka korongo au njia ya watu reli inapanda juu ya nguzo ndefu, nazo zinadai msingi kamili. Mtu akikwambia "hakuna zege kabisa", muulize kituo cha kupandia, cha kushukia na chumba cha mota vimekaa juu ya nini.

---

Ramani_Mkononi

FundiReli kasema vizuri ila tunaitazama reli mno. Reli ndiyo kitu kidogo kuliko vyote.

Chukua reli ya mita 1,000 na ukanda wa upana wa mita 4. Hiyo ni mita za mraba 4,000. Sasa sema siku ya shughuli wanakuja watu 1,000, watatu kwa gari, na nusu ya magari yako pale kwa wakati mmoja. Ni magari 167 hivi. Kila gari pamoja na njia ya kugeuzia linakula kama mita za mraba 25, kwa hiyo maegesho peke yake ni mita za mraba 4,200. Tayari maegesho yamepita reli. Na bado hatujafika kwenye vyoo na mashimo yake ya maji taka, tanki la maji, jenereta au laini ya umeme, mgahawa (utakuja, usidanganyike), na barabara ya kufika pale. Barabara ya kilomita 5 yenye upana wa mita 8 pamoja na mifereji ni hekta 4, mara kumi ya reli.

Mfano uliokwenda hadi mahakamani ni Mineral King, bonde la Sierra Nevada huko California. Mradi ulikuwa wa kampuni ya Disney, wa mchezo wa theluji na si rolakosta, lakini umbo la hoja ni lilelile. Mpango ulioidhinishwa mwaka 1969 ulikuwa wa dola milioni 35, wageni 14,000 kwa siku, majengo kwenye ekari 80 za sakafu ya bonde. Kuwafikisha watu hao kulihitaji barabara kuu ya maili 20, sehemu yake ikikatiza Hifadhi ya Taifa ya Sequoia. Shauri la Sierra Club, chama cha kutetea mazingira, dhidi ya Morton, waziri wa mambo ya ndani, liliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1972. Sierra Club ilishindwa kwenye suala la nani ana haki ya kushitaki, lakini mradi haukujengwa, na mwaka 1978 bonde likaingizwa ndani ya hifadhi. Ukiangalia walichokuwa wakigombea, mashine za kuteleza zilikuwa jambo la pembeni. Barabara ndiyo iliyokuwa kesi.

Msimamo wangu ni huo: mahali penye barabara ya lami tayari, tujadiliane. Mahali pasipo na barabara, usiniletee mchoro wa reli. Niletee mchoro wa barabara, tuanzie hapo.

---

Mkaguzi_wa_Miti

Ukanda wa mita 4 aliosema Ramani ni wa kwenye karatasi tu. Nieleze kwa nini.

Kigari kikipita, mtu akinyoosha mkono asiguse kitu. Hapo unakata matawi na miti michache, na mita 4 zinatosha. Lakini mti wenye urefu wa mita 30 hauhitaji kuwa ndani ya ukanda ili uangukie reli. Unaweza kusimama mita 28 pembeni ukaanguka na kuivunja. Kwa hiyo ukanda unaopaswa kukaguliwa na kusafishwa ni urefu wa mti mmoja kila upande: mita 30, jumlisha 4, jumlisha 30. Mita 64 kwa kilomita moja ni hekta 6.4.

Na mkaguzi anatafuta nini ndani ya hizo hekta? Mti uliokufa umesimama. Mti wenye shimo. Mti wenye uyoga wa rafu kwenye shina, ule unaotoka kama sahani zilizopangwa. Tawi lililokauka na kuning'inia. Anavipaka alama ya rangi na wiki ijayo msumeno unapita. Hivyo ndivyo viota vya kigong'ota, bundi, popo na nyuki. Kwa mbali utaona msitu umesimama kijani kibichi, picha ya drone itatoka safi kabisa, na ndani yake vyumba vyote vya kupanga vimebomolewa. Hili halionekani kwenye hesabu ya "miti iliyokatwa" kwa sababu miti yenyewe ilishakufa.

Mizizi nayo. Kanuni inayotumika sana Uingereza ni kulinda duara lenye nusu kipenyo mara 12 ya unene wa shina. Shina la sentimita 50, usichimbe wala usipitishe mashine ndani ya mita 6. Kwenye msitu uliosongamana maduara hayo yanapandana, na njia ya kreni haina pa kupita bila kuvunja kanuni. Katapila halikati mizizi yote. Linakandamiza udongo, hewa inakosekana, na mti unakufa taratibu baada ya miaka kadhaa. Kisha unakuwa mti uliokufa karibu na reli, nao unakatwa. Ni mzunguko unaojilisha.

Ongeza mbegu za magugu kwenye matope ya magurudumu. Kuosha mashine kabla hazijaingia ni kazi ya saa moja ya pampu na maji, na ndiyo kazi inayorukwa kuliko zote.

---

Mdau_wa_Mandhari

Asanteni, hii ya miti iliyokufa sikuitegemea. Swali la nyongeza: nasikia kuna rolakosta zilizosifiwa kwa kufuata umbo la ardhi. Hizo si ushahidi kwamba mashine na mandhari vinaweza kukaa pamoja?

---

FundiReli

Zipo, na kiufundi ni kazi nzuri. Lakini zisome vizuri.

The Beast ya Kings Island, Ohio, ilifunguliwa 1979. Ni ya mbao, reli ina urefu wa zaidi ya mita 2,200, imetandazwa kwenye eneo la msitu na mabonde la kama hekta 14. Kilima chake cha mnyororo kina urefu wa takribani mita 34 tu, lakini mteremko wa kwanza unashuka zaidi ya mita 40, kwa sababu reli inatumbukia bondeni na kuingia kwenye handaki. Ardhi imefanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na mbao. Boulder Dash ya Lake Compounce, Connecticut, ya mwaka 2000, inapanda ubavu wa mlima na kurudi kati ya mawe makubwa.

Nemesis ya Alton Towers, Uingereza, 1994, ni kinyume chake. Masharti ya vibali vya ujenzi hayakuruhusu kitu kinachochomoza juu ya miti, kwa hiyo walilipua mwamba na kuishusha treni shimoni. Juu ya ardhi inasimama kama mita 13, mteremko unazidi mita 31. Kwa macho ya jirani ni ushindi. Kwa mwamba wenyewe, si ushindi. Ukificha rolakosta unahamisha jeraha kutoka angani kwenda ardhini, na mwamba haurudi.

Lakini zote tatu ziko ndani ya viwanja vya burudani vilivyokuwepo tayari. Barabara, umeme, maji taka, vyote vilikuwepo. Zinathibitisha kwamba mbunifu mzuri anaweza kuheshimu kilima. Kuhusu bonde lisiloguswa hazisemi lolote.

---

Sikio_la_Pori

Kelele imetajwa kwa jina tu, naomba niifungue.

Kwenye uwanja wazi, sauti ya kitu kimoja hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Tuseme treni inatoa desibeli 85 ukiwa mita 10. Mita 20 ni 79, mita 40 ni 73, mita 80 ni 67, mita 160 ni 61, mita 320 ni 55, mita 640 ni 49. Msitu mtulivu asubuhi unaweza kuwa na desibeli 30 tu. Maana yake zaidi ya nusu kilomita treni bado ndiyo sauti kubwa kuliko zote. Majani hupunguza kidogo, hasa sauti nyembamba, lakini si kama watu wanavyodhani. Na kwenye bonde mambo huwa mabaya zaidi: kuta hurudisha sauti, na alfajiri hewa ya baridi ikilala chini ya hewa ya joto, sauti hupindwa kurudi ardhini badala ya kupotea juu. Saa hizo ndizo ndege huimba kutafuta wenza na kulinda eneo.

Vyanzo ni vitatu na kila kimoja kina tiba yake. Mngurumo wa chuma chenye uwazi ndani hupunguzwa kwa kujaza mchanga kwenye boriti ya reli. Inasaidia sana, ila uzito unaongezeka na misingi inakuwa mikubwa. Ule mlio wa klak-klak kwenye kilima cha mnyororo ni kizuizi cha kutorudi nyuma kinachoangukia meno yake. Vipo vizuizi vinavyonyanyuliwa wakati wa kupanda ili visigonge. Cha tatu ni watu kupiga mayowe, na hicho hakina tiba. Ndicho walicholipia.

Za mlimani ni kimya zaidi kwa sababu ya kasi ndogo, hilo ni kweli. Kinachobaki ni mayowe na spika za muziki kituoni. Spika zikatazwe kwa maandishi.

---

Kilima_na_Kamba

Nije upande wa pili kidogo, maana uzi unaelekea kuwa wa watu wenye sauti moja.

Watu wengi hawafiki msituni kwa miguu. Wazee, wenye ulemavu, wenye watoto wadogo. Kigari cha mlimani kinampitisha mtu wa miaka 75 katikati ya miti kwa mwendo wa baiskeli. Njia ya miguu nayo si malaika: watu elfu kwa siku kwenye njia ya udongo huipanua, hukata kona, mvua inakuja na kuchimba korongo. Reli iliyo mita moja juu ya ardhi haikanyagi chochote, na mnyama anapita chini yake. Kama lazima watu elfu wapite ubavuni mwa mlima, sijashawishika kwamba buti elfu mbili ni bora kuliko mabomba mawili.

Tena mchezo huu ulizaliwa mlimani. Reli ya Mauch Chunk, Pennsylvania, ilianza 1827 kushusha makaa ya mawe kwa mteremko. Baghala walivuta magari matupu kwenda juu na kushuka wakiwa wamebebwa kama mabwana. Baadaye watalii wakawa wanalipa kuipanda. Mmarekani LaMarcus Thompson alipofungua rolakosta yake Coney Island, ufukweni New York, mwaka 1884 alikuwa anajenga kwenye tambarare kitu ambacho mlima ulikuwa umeshaonyesha.

---

Ramani_Mkononi

Kilima, hoja ya wazee naikubali bila masharti. Ila mfano wa Mauch Chunk unanisaidia mimi. Ule ulikuwa mlima wa mgodi, reli ilikuwepo kwa ajili ya makaa, burudani ikarithi. Huo ndio mpangilio ninaoutaka: machimbo yaliyoachwa, miteremko ya mchezo wa theluji ambayo tayari ina lifti na barabara, ukingo wa mji ulio karibu na hifadhi. Tobotronc ya Andorra, kilomita 5.3 za reli msituni, iko La Rabassa, mahali pa mchezo wa theluji. Na tazama Pigeon Forge na Gatlinburg, Tennessee: rolakosta za mlimani zimejaa huko, na Hifadhi ya Taifa ya Great Smoky Mountains, iliyoanzishwa 1934, inaanzia palepale mji unapoishia. Mji wenyewe sitausifia kwa uzuri. Lakini mstari upo, na mzee wa miaka 75 anapanda kigari asubuhi, mchana anaingia hifadhini kwa gari.

Mpangilio ukigeuzwa, mashine itangulie kuingia ndani, hakuna aliyewahi kuona maegesho yakipungua.

Kitu kimoja zaidi. Mwaka 2017 Baraza la Taifa la Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, lilikataa kwa kura 16 dhidi ya 2 mradi wa Escalade, wa vibanda vya kamba vya kushusha watu kwenye sakafu ya Grand Canyon, korongo kubwa la Arizona, mahali mito miwili inapokutana. Mahali pale ni patakatifu kwa watu wa maeneo yale. Hakuna desibeli wala mita ya mraba inayopima hilo, na bado lilitosha kuusimamisha mradi. Msiliache nje ya tathmini kwa sababu tu halina kipimo.

---

Mkaguzi_wa_Miti

Kwa Kilima: kuhusu buti, ni kweli, lakini njia ya miguu ikichoka unaifunga mwaka mmoja, unaweka magogo ya kuzuia maji, majani yanarudi. Reli haifungwi mwaka mmoja, ina mkopo.

Nikiombwa niseme la kutazama kwanza kwenye mchoro wowote unaoletwa, ni haya. Ramani ionyeshe njia za ujenzi na za uokoaji, si reli peke yake. Vifaa vipandishwe kwa kamba au mikono pale inapowezekana, nje ya msimu wa viota. Udongo wa juu utengwe, usirundikwe zaidi ya mita 2, urudishwe mapema kabla haujafa. Nguzo zilizopakwa zinki zisisimame juu ya kijito, kwa sababu mvua huosha zinki taratibu na viumbe wa majini hawaivumilii. Huko tumia chuma kisichoshika kutu. Na fedha ya kubomolea iwekwe dhamana kabla ya kigingi cha kwanza, kwa bei ya kubomoa, si bei ya chuma chakavu.

---

Sikio_la_Pori

Ongeza taa hapo. Ratiba ikiruhusu safari za usiku, wadudu wanavutwa, popo wanaokwepa mwanga wanahama njia zao, na reli nzima inahitaji mwanga wa uokoaji. Sharti la kufunga nusu saa kabla ya jua kuzama, na kuanza saa mbili baada ya jua kuchomoza, halimgharimu mjenzi senti moja ya ujenzi. Anayelikataa ameshakwambia biashara yake imesimamia nini.

---

Mdau_wa_Mandhari

Nimepata nilichotaka na zaidi. Nachora upya: kwanza barabara na maegesho, halafu ukanda wa mita 64, halafu duara la kelele la mita 640, reli ya mwisho kabisa kwa kalamu nyembamba. FundiReli, nikuulize: hiyo njia ya kreni kwa rolakosta ya kawaida, upana wa chini ni kiasi gani?

---

FundiReli

Inategemea kreni. Weka mita 4 za kupita, na kila mahali pa kunyanyulia weka kiwanja tambarare ambacho miguu ya kreni inaweza kutanuka yote, kwani kreni haifanyi kazi kwenye mteremko. Mabonde sita, viwanja sita. Kwenye ubavu wa mlima, kila kiwanja ni kukata upande mmoja na kujaza upande mwingine. Vichore kwa kalamu nene.